Sufuria ya Mama Asifiwe

Kwako kaka Amani, huko juu kwenye mawe tulikokulaza,

Sauti ambayo haijanitoka si ya risasi. Watu wanaponishika mkono kunipa pole huwa wanadhani ni hiyo, nami nawaacha wadhani. Risasi sizikumbuki vizuri. Zimechanganyika na nyingine zote tulizozisikia tangu vita viingie mjini. Ninayoisikia mimi ni sufuria. Sufuria ya Mama Asifiwe, upande wa pili wa ukuta, ikipigwa kwa jiwe mara tatu, kisha kimya.

Wewe pia uliisikia. Ulikuwa umekaa kwenye kizingiti cha jikoni, sahani ya maharage na ndizi juu ya magoti, viatu umevivua. Giza lilikuwa linaanza kuingia na umeme haukuwepo, kama kawaida yetu. Mlio wa kwanza, ukainua kichwa. Wa pili, ukaweka mkono chini kama mtu anayetaka kusimama. Wa tatu, nilikuona ukitafuta viatu kwa macho. Halafu sufuria ikanyamaza, nawe ukacheka kidogo, ukaegemeza tena mgongo kwenye mbao.

"Kula, Neema," ukaniambia. "Ni watu wake."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, na yalikuwa ya kweli. Ndiyo yanayonishangaza mpaka leo. Hukukosea hata neno moja.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu sikuweza kulisema jambo hili kwa mtu aliye hai. Nikimaliza, watu wa avenyu yetu, hii njia tunayoishi, wakitaka kusoma, wasome. Hawatakuta humu kitu wasichokijua.

Wewe huhitaji kuelezwa habari ya sufuria, lakini niache niieleze, kwa kuwa nimeishi ndani yake maisha yangu yote bila kuitazama. Huku mtaani kwetu Mabanga hakuna mtu anayengojea polisi. Mwanamke akisikia wezi katika parseli yake, kiwanja cha nyumba yake, anachukua sufuria na jiwe, anapiga. Jirani anaitikia kwa ya kwake, na wa pili yake, mpaka avenyu nzima inalia na wanaume wanatoka na fimbo na mapanga. Wezi wanaiogopa sauti hiyo kuliko askari. Lakini aliyeanza akipiga kidogo tu na kuacha, wengine hawaitikii. Maana yake ameona kwamba amekosea: ni mume wake anarudi, ni paka, ni mtoto wake ameruka ukuta kwa kuogopa fimbo. Avenyu inarudi kula. Kesho yake, kwenye foleni ya maji, wenzake wanamcheka: "Mama, jana ulitaka tukuje kukusaidia kukamata panya?"

Na kila sufuria ina sauti yake. Ya Mama ni nzito, ile kubwa aliyopewa siku ya harusi yake. Ya Mama Asifiwe ni kali, ina ufa mdomoni, inalia kama kengele iliyopasuka. Ukiwa mtoto wa avenyu unazijua kama unavyozijua sauti za watu.

Unakumbuka jinsi Mama alivyokuwa akisimulia volkano ya kwanza, kana kwamba anasimulia siku mliyozaliwa? Wewe na Bahati wa Mama Asifiwe mlikuwa bado hamjaota meno, na mimi sikuwa hata wazo. Moto uliposhuka mjini, watu wote walikimbilia mpakani kuvuka kwenda Gisenyi, na katika msukumano wa barabarani Mama Asifiwe akaangushwa, akapotezana na mtoto. Mama ndiye aliyemwokota Bahati. Alivuka nanyi wawili, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na siku zote za ng'ambo aliwanyonyesha wote wawili, mpaka mwenzake alipopatikana katika uwanja wa shule akimshika kila mwanamke mwenye mtoto na kumfunua mtoto uso.

"Bahati alikuwa mulafi," Mama alikuwa anasema. "Ulikuwa unamutoa, analia kama mutu ameibiwa. Amani alikuwa ananiangalia tu, kama muzee mwenye kungojea zamu yake."

Waliporudi, mahali pa nyumba zetu palikuwa na jiwe jeusi, ndani bado la moto. Wakajenga juu yake. Ukuta wa kugawa parseli waliujenga wenyewe, wanawake wawili, kwa mawe yaleyale yaliyokuwa yameunguza nyumba zao, na katikati wakaacha tundu la kupita mtu mwenye beseni mikononi. Hawakuweka mlango. Asubuhi makaa ya moto yalipita pale. Yalipita chumvi, mtoto mwenye homa, habari za watu. Mimi nilijifunza kutembea kwa kwenda na kurudi katika tundu lile. Mpaka nilipoanza kuwatembelea wenzangu wa shule sikujua kwamba kuna watu ambao ukuta wao umezibwa wote.

Halafu Papa. Alikuwa dereva wa lori la makala, makaa ya kupikia, na waasi wa wakati ule walipofunga barabara alikuwa upande wa Rumangabo. Hakurudi. Wewe uliacha shule ukachukua chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mzigo kuliko punda, ukaanza kwenda Munigi ambako malori ya makala yanashusha. Bahati alikuja nawe wiki ileile, bila kuitwa. Chukudu ilikuwa moja, mkiisukuma wawili, na jioni mlirudi weusi wote, hata Mama hakujua amuoshe nani kwanza.

Sijui ni lini kubeba magunia kulipogeuka kuwa kulinda magunia, wala ni lini kulinda kulipogeuka kuwa kuchukua. Najua tu kwamba jina la Ndimu lilianza kutajwa nyumbani, kwanza kama mtu aliyewapa kazi, kisha kama mkubwa. Ekipe yenu, lile kundi lenu la vijana, ikaitwa watu wa Pompi, kwa sababu mlikuwa mnakutana karibu na kituo cha mafuta. Ndimu akamwoa Asifiwe, dada mkubwa wa Bahati, kwa harusi nzuri, na baada ya harusi Bahati akawaacha. Alikwenda kwa watu wa Mawe, ile ekipe ya sehemu ya juu ya mtaa, waliokuwa wanaitaka Munigi kama mlivyokuwa mnaitaka ninyi.

"Siwezi kufokewa kazini na mutu anakulaka kwetu kila siku ya Mungu," alituambia, amesimama kwenye tundu na sahani yetu mkononi.

Ulimjibu ukiwa umelala kwenye mkeka. "Afazali useme ulimuogopa."

"Miye? Muulize yeye nani anamuogopaka mama mukwe."

Mlikuwa maadui kuanzia asubuhi mpaka jioni, na jioni mnakula maharage ya sufuria moja. Mlikuwa mkitupiana maneno juu ya ukuta. "Watu wa Pompi, munanuka petroli mpaka huku." "Afazali petroli. Nyinyi mutakula nini huko juu, mawe?" Na Mama Asifiwe kutoka jikoni kwake: "Wezi wawili, mumoja anirudishie karai yangu." Tulicheka. Tulicheka sote, hata mimi niliyekuwa nimeanza kusoma sheria chuoni, na kitabu changu kiko wazi mapajani.

Uliniambia nisiogope kwa sababu mna mipaka. Hakuna ekipe inayofanya kazi katika avenyu anakokaa mama wa mtu wake. Na hakuna mgeni anayeingia katika avenyu ya watu bila mtoto wa avenyu hiyo kumtangulia. Uliyasema hayo kama mtu anayenionyesha kufuli la mlango. Nusu ya watu wa Mawe walikuwa wamesoma nawe. Mwingine alikuwa kwenye kwaya na Mama. Mkubwa wao alibatizwa siku ileile aliyobatizwa mjomba wetu. Niliona kwamba hakuna mahali katika kamba ile ya undugu ambapo mtu anaweza kukata bila kujikata mwenyewe. Niliona kuwa huo ni usalama.

Nilikuwa na ushahidi pia. Volkano ya pili ilipolipuka, wakati ardhi inatetemeka na watu wanakimbilia Sake, ni ninyi wawili mliowakalisha mama zetu juu ya chukudu na kuwasukuma njia yote. Walikaa juu ya magodoro kama malkia wawili wakigombania blanketi. "Sogea, unanisukuma." "Nisogee wapi, ndani ya ziwa?" Bahati alikuwa anavuta mbele, wewe unasukuma nyuma, mimi natembea kando na zile sufuria mbili kichwani, moja ndani ya nyingine, zikigongana kila hatua. Nilitazama migongo yenu miwili na kuwaza kwamba hakuna kitakachoweza kuingia kati yenu. Nakumbuka niliwaza hivyo kwa maneno kabisa.

Kisha waasi wakaingia mjini. Asubuhi ile askari walivua sare barabarani na kutupa bunduki kwenye mitaro kama maganda ya ndizi. Pompi waliokota. Mawe waliokota. Ugomvi wa Munigi, uliokuwa wa ngumi na matusi, ukawa kitu kingine, nawe ukaanza kukaa ukitazama lango.

Siandiki ili kukutakasa. Najua mliingia katika maduka ya watu. Najua kuna mama muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, ambaye hatauza tena kwenye njia ile kwa sababu yenu, na najua ni nini kilichonisomesha. Lakini ulikuwa kaka yangu, na ulikuwa umevua viatu.

Baada ya kusema "ni watu wake", ulimega ndizi. Watu wawili wakatokea kwenye tundu, wamefunika vichwa kwa kofia za sweta zao. Walipita kwa kugeuka ubavu, mmoja baada ya mwingine, vilevile tulivyokuwa tunapita sisi. Wa kwanza alinigusa bega kunisogeza akasema, "Pole, dada," kwa adabu, kama mtu anayetaka kupita kanisani. Halafu ikawa ile sauti nisiyoikumbuka. Walirudi palepale walipotokea. Sahani yako haikuvunjika, kaka. Iliteleza kutoka magotini ikatulia juu ya jiwe, maharage yakiwa bado ndani, na mimi niliitazama sahani kwa muda mrefu kabla sijaweza kukutazama wewe.

Mama alitoka chumbani akapiga sufuria yake. Avenyu nzima ikaitikia. Wanaume walikuja mbio, wengine wakiwa bado wanatafuna.

Kaburi lako lilichukua siku nzima. Pale juu hakuna udongo, ni jiwe la volkano, na mtaimbo ulikuwa unatoa cheche. Walichimba kwa zamu, watu wa Pompi na watu wa Mawe, kwa sababu matanga ni matanga na wote ni ndugu au majirani. Hakuna aliyeshangaa, nami sikushangaa. Bahati alishika jeneza mbele, upande wa kichwa chako. Alilia mpaka wakambadilisha. Tuliporudi nyumbani Mama alimwita, akamnawisha mikono, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe, na nikafikiri, tazama, bado ana mtoto mmoja wa kiume.

Nilijua wakati wa kuosha vyombo. Tulikuwa wanawake wengi nyuma ya nyumba, majivu na maji, sufuria za avenyu nzima zimepangwa chini kwa ajili ya wageni. Nilichukua moja iliyoganda ugali, nikaigonga kwenye jiwe ili ugali uanguke. Ililia kama kengele iliyopasuka.

Wanawake wote waliacha kuosha. Hakuna aliyeniangalia. Mmoja aliangalia majivu, mwingine alianza kukunja kitenge chake kilichokuwa hakihitaji kukunjwa, na Mama Asifiwe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo, aligeuka polepole akarudi ndani nayo, maji yakimwagika miguuni mwake. Nilikaa na sufuria mikononi. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeamini kwamba jioni yako aliona paka.

Walikuwa wanajua. Avenyu nzima ilikuwa imesikia nani ameanza na nani ameacha, na ilikuwa imehesabu kichwani, kila mtu peke yake, na ikaja kutupikia.

Nilimfuata Mama chumbani.

"Mama, ulijua?"

Alikuwa anakunja shati zako. "Nilijua palepale. Ilinyamaza, halafu wakapita. Nani tena anaweza kumunyamazisha Mama Asifiwe?"

"Na ukamupa Bahati chakula."

"Ningemupa nini?"

"Mama."

"Neema, ule mutoto alikunywa kwangu. Hakuna dawa ya kuyatoa yale maziwa." Alikunja mkono wa shati, akaukunjua. "Nilizaa kijana mumoja, nikanyonyesha wawili. Mumoja ameenda. Sasa weye unataka nibaki na wangapi?"

Chuoni wanatufundisha kwamba shahidi ni mtu aliyeona au aliyesikia. Hawajatufundisha kitu juu ya mtu aliyesikia sauti ikikoma. Nililala nikiwa nimeshika kitanda kwa mikono miwili, kama tulivyokuwa tunashika wakati ardhi inatetemeka.

Mama Asifiwe hakupita tena kwenye tundu. Kila asubuhi alikuja mpaka ukingoni na makaa kwenye koleo, akasimama upande wake, akinyoosha mkono. Siku moja nilikwenda kuyapokea mimi.

"Kwa nini uliacha kupiga?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajanielewa, na kwa hilo namheshimu hata sasa.

"Nilisikia watu jikoni, nikapiga. Akasema, 'Mama, ni miye. Acha.' Mukono yangu iliacha yenyewe."

"Alikuwa anawaonyesha njia."

"Walimwambia wanaenda kumuonya Amani tu, aache ile nafasi ya Munigi. Alibaki kwangu. Aliposikia bunduki alianguka chini, Neema, niliona vile alianguka."

"Na wewe ulimwamini?"

"Sikukuwa na wakati wa kuamini. Ni sauti ya mutoto yangu. Weye unafikiri mama anaanzaka na kufikiri?"

Nilichukua makaa. Nilimwambia asante, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akipewa moto, na nilishangaa kusikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu.

Ndimu alikuja wakati Mama amekwenda kanisani. Alikaa kwenye kiti chako. Alikuwa amevaa shati jeupe, amejinyoa, na aliniita avoka wetu, yaani wakili, kama alivyokuwa akiniita kila mara kunitania.

"Avoka, mutu mumoja wa Mawe alilewa akasema. Najua sasa nani alitangulia."

"Ni ndugu ya bibi yako."

"Najua ni ndugu ya nani. Asifiwe atalia. Mama yako iko analia tayari." Alisugua magoti yake. "Sikuombi kitu kikubwa. Kesho jioni Bahati atakula kwa mama yake. Siwezi kupita kwa lango yao, mama mukwe anajua mupaka kikohozi yangu. Nitapita hapa kwenu, kwa ile tundu. Weye uache lango wazi, ubaki ndani. Basi."

"Na mipaka yenu?"

"Mutoto wa avenyu akitufungulia, hatujavunja kitu." Alisimama. Mlangoni aligeuka. "Amani alikuwa ananiambia weye ndiye uko na akili katika hii nyumba."

Nataka ujue yote, kaka, kwa hiyo nalisema na hili. Kesho yake jioni, Mama akiwa kwenye kwaya, nilikwenda langoni nikaondoa komeo. Nililiweka chini taratibu lisilie. Nilikuwa nimewaza usiku na mchana na sikupata sababu hata moja ya Bahati kuendelea kula maharage. Kisha nilirudi nikakaa kwenye kizingiti, mahali pako, kwa kuwa sikuweza kubaki ndani kama nilivyoambiwa. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Mama Asifiwe akipakua, na sauti ya Bahati ikisema, "Inatosha, Mama." Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa. Giza lilikuwa linaanza kuingia.

Lango lilifunguka. Nilisikia changarawe nyeusi chini ya viatu, watu watatu au wanne, wakitembea kama wagonjwa. Halafu sauti ya Ndimu, chini, karibu ya upole:

"Neema. Usiogope. Ni siye. Ni watu wako."

Sufuria ya Mama ilikuwa imeinamishwa pembeni ya mlango, ikikauka. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka jiwe mkononi, na mlio wa kwanza ulivyonipiga mimi mwenyewe kifuani. Wa pili. Wa tatu.

"Acha," Ndimu alisema. "Unafanya nini? Nimesema ni siye."

Avenyu ilikuwa kimya. Ilikuwa inangoja, kama ulivyongoja wewe, sahani juu ya magoti. Niliwasikia wote wakingoja, vijiko vikiwa hewani, nyumba baada ya nyumba, kujua kama nimeona paka.

Bahati aliruka ukuta wa nyuma akaenda. Wanasema yuko Bukavu, wengine wanasema Uganda. Sijamsamehe na sijui kama nitamsamehe, na siku nikikutana naye sijui nitamwambia nini. Ndimu anasema kwa watu kwamba mimi ni mtu wa Mawe. Asifiwe alikuja kwetu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaondoka. Mama alipoambiwa alikaa chini palepale langoni na kitabu chake cha nyimbo, na mpaka leo hatujaliongea. Tundu bado liko wazi. Leo asubuhi nilipitisha makaa mimi, kwenda upande wao.

Lakini kabla ya hayo yote, ulikuwepo ule muda ambao kila mtu alikuwa anangoja, na Ndimu amenyoosha mkono kunishika. Sikuwa nafikiri juu ya Bahati. Nilikuwa nafikiri juu ya mtu mmoja tu, aliyevua viatu, anayesikiliza kama utakuja mlio mwingine ili ajue kama asimame au aendelee kula.

Nilipiga wa nne, kaka. Ile sufuria yenye ufa ikaniitikia kutoka upande wa pili, kisha avenyu nzima. Sikuacha.

Pumzika sasa.

Mdogo wako uliyemwambia ale,
Neema